Kuoanisha Mihimili: Historia ya Kazi Moja na Majina Yake

Mtafsiri anayepewa kijitabu cha maelezo ya darubini ya vioo hukutana, aghalabu katika kurasa za mwanzo, na neno la kigeni lenye sura ya Kilatini ambalo kwa matamshi yetu lingekuwa kolimesheni. Neno hilo hilo hulikuta mtumishi wa idara ya afya anapofasiri maelezo ya mtambo wa eksirei, na mwalimu wa fizikia anapotayarisha majaribio ya mwanga. Lakini wote watatu hawazungumzii jambo moja. Kwa fundi wa darubini, neno hilo lina maana ya kuviweka vioo ili vielekeane sawasawa. Kwa mwalimu wa fizikia, ni kuifanya miale inayotawanyika iwe sambamba. Kwa mhudumu wa eksirei, ni kuiwekea miale mipaka ili iangukie tu ile sehemu ya mwili inayohitaji kupigwa picha.

Ikiwa tutalitohoa neno hilo kama lilivyo, tutakuwa tumeleta nyumbani jina moja lenye kazi tatu, na msomaji wetu hatapata ndani yake hata dalili moja ya kumwonyesha ni kazi ipi inayokusudiwa. Hasara ya jambo hilo si ya maneno matupu. Mwanafunzi aliyeambiwa arekebishe vioo atazungusha kitasa cha fokasi. Na fundi aliyeagizwa kuweka mipaka ya miale anaweza kudhani ameagizwa kuinyoosha. Rai yetu katika makala haya ni kwamba istilahi ya kazi hii haina budi kutokana na kazi yenyewe, na kwamba kazi yenyewe hufahamika vema mtu anapoifuata katika historia yake. Tutaanza na historia ya neno, kwa kuwa inalo somo kwa kila anayeunda istilahi.

Asili ya neno

Katika Kilatini cha kale kulikuwa na kitenzi collineare, maana yake kuelekeza kitu katika mstari ulionyooka, au kupata shabaha. Kitenzi hicho kiliundwa kutokana na linea, yaani mstari. Na linea nayo ilitokana na neno la kitani, kwa sababu mstari wa kwanza wa fundi ulikuwa uzi uliovutwa. Mwashi wa kwetu anayevuta uzi kutoka pembe hadi pembe kabla ya kupanga matofali angelielewa neno hilo bila kufasiriwa. Cicero alilitumia kwa habari za mtu arushaye mkuki na kupata shabaha.

Vitabu vya Cicero vilinakiliwa kwa mkono kwa karne nyingi kabla ya kupigwa chapa. Katika baadhi ya matoleo yaliyochapwa, neno hilo lilisomwa vibaya likawa collimare. Kosa lilikuwa dogo kwa jicho, lakini kubwa kwa maana. Limare katika Kilatini ni kupiga tupa, kama afanyavyo mhunzi. Halina uhusiano wowote na mstari wala shabaha. Hata hivyo wanafalaki walioandika Kilatini walilipokea neno lile lililoharibika. Miongoni mwao alikuwa Johannes Kepler, aliyelitumia katika kitabu chake cha elimu ya mwanga kilichotoka mwaka 1604. Kutoka hapo likaenea katika lugha za Ulaya, likazaa majina ya vifaa na ya kazi, na hata leo halijarekebishwa.

Yako mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza ni kwamba neno lenye sura ya kitaalamu si lazima liwe na asili ya kitaalamu. Hili ni kosa la kunakili lililopata cheo. La pili ni kwamba neno lisilojieleza lenyewe hukubali kubebeshwa mzigo wowote. Kwa kuwa collimare halikumkumbusha mtu mstari wala shabaha, ilikuwa rahisi kulihamisha kutoka kazi moja hadi nyingine, mpaka likafika katika vyumba vya eksirei.

Asili ya kazi

Darubini za kwanza, zilizojulikana Ulaya tangu mwaka 1608, zilikuwa za lenzi. Darubini ya vioo ilikuja baadaye. James Gregory alichapisha mchoro wake mwaka 1663, lakini hakufanikiwa kupata fundi wa kumsugulia vioo ipasavyo. Isaac Newton alitengeneza yake kwa mikono yake mwenyewe mwaka 1668, kisha akatengeneza ya pili ambayo ilionyeshwa mbele ya Royal Society mjini London mwanzoni mwa mwaka 1672. Kilikuwa chombo kidogo cha kushikwa mkononi, na kioo chake hakikuzidi sana sentimita 3 kwa upana.

Muundo wake ni rahisi, na ndio unaotumika hadi leo katika darubini nyingi za shule na za watu binafsi. Chini ya bomba kuna kioo mbonyeo, ambacho tunakiita kioo kikuu. Mwanga wa nyota huingia kwa juu, hushuka hadi kwenye kioo hicho, na kuakisiwa kuelekea juu huku ukikusanyika. Kabla haujafika mahali pa kukutana, huzuiwa na kioo kidogo bapa kilichoinamishwa nyuzi 45, ambacho tunakiita kioo cha pili. Hicho huutoa mwanga ubavuni mwa bomba, mahali ilipo lenzi ya jicho.

Kwa hiyo katika chombo hiki kuna mihimili miwili ambayo haina budi kukutana na kuwa mmoja. Wa kwanza ni mhimili wa kioo kikuu, yaani ule mstari wa kudhaniwa unaopita kitovuni mwa kioo na katika fokasi yake. Wa pili ni mhimili wa lenzi ya jicho, unaoingia bombani kwa ubavu na kupindishwa na kioo cha pili kuelekea chini. Mihimili hiyo ikiachana, taswira huharibika. Kazi yote tunayoitafutia jina ni hii tu: kuifanya mihimili miwili iwe mmoja.

Kazi hiyo haikuwa ya siku moja. Vioo vya kale vilikuwa vya aloi ya shaba na bati, ambayo huchakaa na kufifia katika hewa yenye unyevu. Kila kilipofifia, kioo kilitolewa, kikasuguliwa upya, kikarudishwa mahali pake, na mihimili ikaoanishwa tena. William Herschel, aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781 kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, alilikabili tatizo hili kwa ukubwa wa kutisha alipomaliza darubini yake ya mita 12 mwaka 1789, yenye kioo cha kipenyo cha mita 1.2. Kwa darubini kubwa hiyo alikiacha kabisa kioo cha pili, kwa sababu kila mwakiso wa chuma ulipoteza sehemu kubwa ya mwanga. Alikiinamisha kioo kikuu kidogo ili taswira ifike ukingoni mwa mdomo wa bomba, na mtazamaji akasimama hapo juu. Nchini Ireland, Lord Rosse alipata kioo cha mita 1.83 mwaka 1845, na alikuwa na vioo viwili vya namna hiyo ili kimoja kitumike wakati kingine kinasuguliwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1857, Léon Foucault alipoonyesha mjini Paris kioo cha bilauri kilichopakwa utando mwembamba wa fedha. Utando ukififia, huondolewa kwa kemikali na kupakwa mwingine bila kuliharibu umbo la kioo chenyewe. Tangu miaka ya 1930 alumini imechukua nafasi ya fedha kwa sehemu kubwa. Lakini hata kioo cha alumini hutolewa mara kwa mara kuoshwa au kupakwa upya. Na kila kirudipo, kazi ya kuoanisha hurudi pamoja nacho.

Kwa nini usahihi unahitajika

Huenda msomaji akauliza: kama vioo vimekaa karibu na mahali pake, tatizo liko wapi? Jibu limo katika umbo la kioo kikuu. Kioo hicho hukatwa kwa umbo la parabola, kwa sababu ni umbo hilo linalokusanya miale yote iliyo sambamba na mhimili katika nukta moja. Lakini fadhila hiyo hupatikana katika mhimili tu. Nje ya mhimili, nyota haiwi nukta tena. Hunyooka upande mmoja, ikaonekana kama ina mkia. Kasoro hiyo hutokea katika kila kioo cha parabola, na katika darubini iliyooanishwa huonekana pembezoni tu mwa uwanja wa kutazama. Mihimili ikiachana, mkia huo huhamia katikati, mahali pale pale ambapo mtazamaji anatarajia taswira bora.

Upana wa eneo lisilo na kasoro hiyo hutegemea uwiano wa urefu wa fokasi na kipenyo cha kioo, na hutegemea mchemraba wa uwiano huo. Darubini ambayo urefu wake wa fokasi ni mara 10 ya kipenyo ina eneo jema lenye upana mara 8 kuliko ile ambayo uwiano wake ni 5. Hii ndiyo sababu darubini ndefu za zamani zilivumilia mkono wa fundi asiye makini sana, ilhali darubini fupi zinazobebeka kwa urahisi leo hazivumilii. Chombo kimekuwa chepesi kubeba, lakini kigumu kuoanisha.

Vifaa na kazi zake

Kila kifaa cha kuoanishia hupima mhimili fulani, na mtafsiri asipolijua hilo atavipa majina yanayopotosha.

Kifaa cha kwanza na cha bei nafuu kabisa ni kifuniko chenye tundu dogo katikati, kinachowekwa mahali pa lenzi ya jicho. Kazi yake ni kulilazimisha jicho likae katikati. Fundi akichungulia humo huona kama kioo cha pili kimekaa katikati ya njia, na kama kioo kikuu chote kinaonekana ndani yake.

Cha pili ni kile kinachoitwa kwa jina la Frederic Cheshire, mtaalamu wa elimu ya mwanga wa Uingereza aliyekieleza katika miaka ya 1920. Ni bomba fupi lenye tundu la kuchungulia na uso mweupe ulioinamishwa, unaopokea mwanga kutoka ubavuni. Fundi huona mwakiso wa uso ule katika kioo kikuu, kama pete ing'aayo. Katikati ya kioo kikuu hubandikwa alama ndogo ya mviringo, ambayo haidhuru taswira kwa kuwa imo ndani ya kivuli cha kioo cha pili. Alama ikikaa katikati ya pete, mhimili wa kioo kikuu umefika katikati ya lenzi ya jicho.

Cha tatu ni leza. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960, na baadaye zilipopatikana ndogo na za bei nafuu ziliingia katika mikoba ya wapenzi wa darubini. Mwale wake hutoka mahali pa lenzi ya jicho, hupiga kioo cha pili, na kushuka hadi kwenye kioo kikuu. Ukiangukia kwenye alama ya katikati, mhimili wa lenzi ya jicho umenyooka. Lakini ni lazima kwanza leza yenyewe iwe imenyooka ndani ya ganda lake. Akiizungusha mahali pake bila kuigusa darubini, na nukta yake ikachora duara juu ya kioo, fundi ajue kwamba anapima kwa kipimo kilichopinda.

Utaratibu unafuata mantiki hiyo. Kioo cha pili hurekebishwa kwanza kwa skrubu zake, mpaka mhimili wa lenzi ya jicho ufike kitovuni mwa kioo kikuu. Kisha kioo kikuu hurekebishwa kwa skrubu zilizo nyuma yake, aghalabu tatu, mpaka mhimili wake nao urudi katikati ya lenzi ya jicho. Mwisho huja jaribio la nyota: fundi huitazama nyota angavu kwa ukuzaji mkubwa, huiondoa kidogo katika fokasi, na kuangalia kama duara za mwanga zinazotokea zina kitovu kimoja. Zikiwa zimeegemea upande, kazi haijaisha.

Vitabu vingi vya kigeni huelekeza kwamba jaribio hilo lifanywe kwa Nyota ya Kaskazini, kwa kuwa haihami machoni pa mtazamaji. Shauri hilo ni jema kwa aliye Ulaya au Marekani. Kwa mwalimu wa Dar es Salaam, takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho usiku wote. Mtafsiri mwaminifu hapo hafasiri maneno tu. Huongeza maelezo kwamba ichaguliwe nyota angavu iliyo juu angani, na kwamba itahitaji kufuatwa inapohama.

Vioo vingi, kazi moja

Darubini kubwa za siku hizi zimeipanua kazi hii bila kuibadilisha asili yake. Huko Sutherland, Afrika ya Kusini, iko darubini iliyozinduliwa mwaka 2005 ambayo kioo chake kikuu, chenye upana wa takriban mita 11, kimeundwa kwa vipande 91 vya pembe sita. Kando ya jengo lake umesimama mnara mrefu wenye vyombo vinavyotazama vipande vyote na kuonyesha kipi kimeinama. Darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina vipande 18. Ilipoelekezwa kwa nyota moja mapema mwaka 2022, ilileta taswira 18 zilizotawanyika za nyota ile ile. Wataalamu walivisogeza vipande kwa amri kutoka duniani, umbali wa kilomita milioni 1.5, na kufikia katikati ya Machi 2022 vilikuwa vikifanya kazi kama kioo kimoja.

Inafaa kuitenga hapa habari ya darubini ya Hubble, ambayo mara kwa mara huchanganywa na jambo hili. Hubble ilirushwa mwaka 1990 na taswira zake zikawa na ukungu. Ila yake haikuwa mihimili kuachana. Kioo kikuu kilikuwa kimesuguliwa kwa umbo lisilo sahihi, na hakuna skrubu ambayo ingelirekebisha umbo hilo. Ilibidi wanaanga waende mwezi Desemba 1993 kuiwekea vioo vya kusahihisha. Mwandishi wa Kiswahili atakayesema kwamba vioo vya Hubble havikuoanishwa atakuwa ametumia neno zuri kwa jambo lisilokuwa lake.

Uteuzi wa istilahi

Sasa turejee kwenye swali letu. Kutohoa neno la kigeni tumekwisha kulipinga kwa sababu zilizotajwa. Kulinganisha ni neno lililozoeleka, lakini maana yake ya kupima kufanana kwa vitu viwili imekwisha kutamalaki. Vioo viwili vya darubini havifanani wala havipaswi kufanana. Kusawazisha huleta fikra ya pimamaji na uso ulio sawa na ardhi, ilhali darubini hutazama juu.

Liko pendekezo jingine ambalo lilituvutia sana. Kutokana na lenga tunapata lengana, na kutokana na lengana tunaweza kupata lenganisha, kwa kanuni ile ile iliyotupa patanisha na unganisha. Maana yake ingekuwa kuvifanya vitu vilengane, na hiyo ndiyo maana ya kale ya collineare, shabaha ikiwa ndani yake. Kwa upande wa sarufi hatuoni dosari. Lakini kati ya lenganisha na linganisha kuna irabu moja tu. Mpiga chapa mwangalifu angedhani amekuta kosa, akalisahihisha. Na baada ya matoleo machache maana ingepotea, kama ilivyopotea mikononi mwa wanakili wa Cicero. Historia ya neno la kigeni inatuonya tusilirudie kosa lake katika lugha yetu.

Tunapendekeza, basi, kuoanisha mihimili. Kitenzi oanisha kinaeleweka na kila msomaji, na mhimili unakumbusha kwamba kinachooanishwa si vioo vyenyewe bali mistari yake. Mwalimu atahitaji kueleza kwamba mhimili huu si nguzo ya nyumba bali ni mstari wa kudhaniwa. Kazi hiyo ameizoea katika somo la hisabati. Pamoja na istilahi hiyo tunatoa hizi:

Kuoanisha mihimili: kuufanya mhimili wa kioo kikuu na ule wa lenzi ya jicho uwe mmoja.

Kurekebisha fokasi: kuisogeza lenzi ya jicho mpaka taswira iwe wazi, kazi hii huja baada ya ile ya kwanza, wala haiwezi kushika nafasi yake.

Kichungulio cha kuoanishia: kifaa chenye tundu, kwa ajili ya kupimia mhimili kwa jicho.

Leza ya kuoanishia: kifaa cha kupimia mhimili kwa mwale wa leza.

Jaribio la nyota: kupima uoanisho kwa taswira ya nyota iliyoondolewa katika fokasi.

Kufanya miale kuwa sambamba: maana ya pili ya neno la kigeni, kwa matumizi ya fizikia.

Kuwekea miale mipaka: maana yake ya tatu, kwa matumizi ya eksirei.

Maadamu maana mbili za mwisho zimepewa virai virefu, huenda wataalamu wa fizikia na wa afya wakapata maneno mafupi zaidi. Tunayatoa mapendekezo haya yajaribiwe darasani, hospitalini na katika karakana kabla ya kusanifishwa, na waalimu watakaoyatumia mbele ya darubini halisi watuandikie ni lipi lililoeleweka na wanafunzi mara ya kwanza, na ni lipi lililohitaji kuelezwa mara mbili.